Kamua Kwanza, Ndipo Ulipe

Mdogo wangu,

Hapa Québec leo asubuhi kope zangu zimegandana nikingoja basi. Ujumbe wako nimeupata: eti hapo Goma kuna fundi anauza bomba la moshi litakaloiongezea piki yako nguvu za farasi 5, na unaniomba dola 60. Kabla sijatia mkono mfukoni, nisikilize.

Unajua garaji yetu ni ya motoneji, zile piki za theluji: mbele skii mbili, nyuma mkanda mpana wa mpira. Tuko jirani na Valcourt, alikozaliwa Joseph-Armand Bombardier, yule aliyetoa Ski-Doo mwaka 1959. Watu wa huku husifia motoneji zao kama baba anavyosifia ng'ombe zake kule Masisi.

Wiki iliyopita kaingia mzee mmoja na bomba jipya kwapani. Kwenye katoni limeandikwa: farasi 15 zaidi. Mashine yake tayari ilikuwa na karibu 160. Bosi hakubishana naye. Aliifunga injini kwenye daino, kifaa kinachoikaba kwa maji huku ikinguruma mizunguko 8,000 kwa dakika, na kipimo kinasoma inavyojikukurusha. Nguvu ya msokoto ikishapimwa kwa futi na ratili, unaizidisha kwa mizunguko, unagawanya kwa 5,252: farasi hao hapo. Likaanza bomba la zamani, likafuata jipya, mafuta yaleyale, saa ileile. Wakapatikana farasi 4. Mzee akainama kuchungulia chini ya mashine, kana kwamba wale 11 wamejificha huko.

Kisha akasema tufungue mlango. Mjanja huyo! Hewa ya baridi ni nzito. Injini ikiivuta inachoma vizuri, na farasi wanazaliwa bila bomba lolote. Ndiyo sababu bosi huandika kwanza joto na mgandamizo wa hewa, kisha anasahihisha hesabu.

Nawe hewa inakuhusu. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na kila mita 1,000 injini ya kabureta hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Piki ya farasi 11 ikishuka melini Mombasa inao wote. Ikifika kwako, karibu wawili wametoroka. Unaponiambia piki yako ikienda kwa wajomba Walikale inapata akili, si akili hiyo. Umeteremka msituni, na farasi wamekurudia.

Daino huna, lakini mlima unao. Farasi mmoja ni kuinua kilo 75 mita moja kwa sekunde moja, basi. Piki, wewe, abiria na gunia la viazi: tuseme kilo 300. Siku barabara imetulia, chagua mpando mmoja kati ya Sake na Masisi, huko haikosekani. Simu yako inasoma mwinuko. Ukipanda mita 60 za kwenda juu kwa dakika moja, umetoa farasi 4. Wengine wamefia kwenye mnyororo, matope na upepo. Sasa funga bomba, rudia mlima uleule, gunia lilelile, abiria yuleyule, na asiwe ametoka kula.

Nimewapigia hesabu hata wajomba waliobeba kasiterite, yale mawe ya bati, ya mgodi wa Bisie mgongoni. Mtu wa kilo 60 mwenye mzigo wa kilo 50, akipanda mita 300 kwa saa, ni karibu sehemu moja ya nane ya farasi. Kwa hiyo motoneji ya yule mzee ni wajomba 1,280, wote wakimpeleka mtu mmoja kuvua samaki kwenye barafu. Sikumwambia.

Baba hajawahi kununua ng'ombe kwa kusimuliwa maziwa. Huomba kibuyu, akachutama, akakamua mbele ya mwenyewe, ndipo bei ianze. Mwambie fundi akufungie bomba kwa majaribio. Farasi 5 wakitimia, dola 60 nazituma siku hiyohiyo.

Ila matokeo aniandikie mama. Na yeye ndiye awe abiria: uzito wake anaujua, na hana bomba la kuuza.

Ni mimi yaya wako,
mwenye soksi tatu kila mguu.