Sifa za Gugumaji

Wavuvi wanalilaani, wenye mashua wanalitukana, na wanasiasa huapa kulimaliza kila uchaguzi unapokaribia. Mimi nalivulia kofia. Lisingekuwepo gugumaji, sijui makomredi wa vyuo vikuu vya Kisumu, Maseno na Bondo wangeandika tem pepa juu ya nini.

Gugu hili lina hisani. Mwanafunzi akiusinzia muhula mzima, wiki ya mwisho atalikuta palepale ghubani, linamngoja. Wa botania atasifu bua lake lililojaa hewa na ua lake la zambarau. Wa historia ataeleza lilivyotoka Amerika Kusini hadi likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Wa afya ya jamii atapata mbu na konokono wa kichocho, wa uchumi atalilia ngege, wa biashara ataandika juu ya vikapu na viti vinavyosukwa kwa mabua makavu. Hata wa fasihi, akibanwa sana, atalifanya sitiari ya ukoloni, na mhadhiri aliyechoka kusahihisha atampa B.

Tena ni mwalimu wa uandishi. Mizizi yake inaning'inia majini bila kugusa tope la chini, na bado likipata joto na mbolea inayotiririka kutoka mashambani na mijini, huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Tem pepa nyingi zimejifunza kwake. Kurasa tatu za Jumatatu huwa kumi na mbili kufikia Ijumaa, majani tele, na chini hakuna kilichoshika udongo.

Lakini hazina yake hasa huiona yule anayeachana na kichwa kama “Athari za Gugumaji katika Ziwa Victoria”, kichwa ambacho hata meli haiwezi kukipenya, akauliza swali dogo. Mwaka 1997 Kenya iliwaachilia fukusi wa jenasi ya Neochetina walitafune gugu hilo. Mwishoni mwa mwaka huohuo mvua za El Niño zikaanza kumwagika, na kufikia mwisho wa muongo gugu lilikuwa limepungua mno. Nani apewe sifa? Wapo watafiti wanaowapa fukusi ushindi. Wengine wanasema mawimbi na mawingu ya El Niño yalikuwa na mkono wake. Hapo ndipo penye tem pepa! Pana miaka inayojulikana, pande mbili zenye ushahidi, na nafasi ya mwanafunzi kusimama mahali na kujitetea. Na kwa ukarimu wake gugu likarudi kwa kishindo baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006, ili kizazi kilichofuata nacho kisikose sura ya tatu.

Utafiti wa nyanjani ndio usiseme. Hojaji zimechapishwa saiba, bodaboda imelipwa hadi ufuo wa Dunga, na maji ni meupe hadi upeo wa macho: upepo umelisukuma gugu lote upande mwingine wa ghuba. Amebaki mvuvi mmoja anayenyofoa vipande vya mabua kwenye wavu wake, kimoja kimoja, bila haraka.

“Samahani mzee, nina maswali machache tu.”

“Nyathina, nakili ya yule wa mwaka jana. Nyavu zilichanika, petroli iliishia katikati, serikali haijaja. Swali la nane ni umri wangu, sivyo?”

Anajibu yote kwa utaratibu, hata lile la kiwango chake cha elimu, ambalo huulizwa na watu wasiojua kutofautisha sato na mbuta.

Kwa hiyo nawaomba wenye mashine za kuvuna magugu wazizime kidogo, hata mpaka mwezi ujao. Kuna darasa zima la mwaka wa pili ambalo bado halijaandika utangulizi.