Kamati ya Ujumuishi Ipewe Maua Yake

Wanaozibeza kamati za ujumuishi katika kaunti za Kenya hawazitendei haki. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziwaendee wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti husika. Mzigo mzito namna hii haubebwi na wageni. Ndiyo maana kamati yenye busara huundwa na watu waliotoka kijiji kimoja: wanaelewana kwa kukonyezana, na mjadala wao kuhusu tofauti hauvurugwi na tofauti yoyote. Hakimu haibi ndipo aujue wizi. Kwa nini basi anayejadili kutengwa awe amewahi kutengwa?

Wapo watakaouliza mbona kikao cha watu wenye ulemavu kiwe ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Hao hawajasoma kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010. Asilimia 5 ya viti wanayoahidiwa watu hao inatakiwa kufikiwa hatua kwa hatua, na jengo lina ngazi tele. Wengine watalalamika kwamba wageni hawaonekani katika ofisi za wakurugenzi. Lakini sheria imetaja nafasi za kuanzia kazi tu. Kuwapandisha zaidi ya hapo kungekuwa kuiongezea sheria maneno, na kamati hii haina tabia ya kuzidisha. Isipokuwa vikao, ambavyo posho yake, kwa haki, hugawanywa sawa kwa wote waliomo.