Starehe ya Kula Upepo

Huko Marekani mwenye Jeep Wrangler hufungua bolti, akalaza kioo cha mbele juu ya boneti, eti ale upepo vizuri porini. Karibu Biharamulo, bwana mkubwa. Pita kandokando ya Hifadhi ya Burigi-Chato, mbung'o wakusalimie usoni. Ukitoka Lusahunga kwenda Rusumo, semitrela la Kigali litakurushia kokoto bila kukuuliza una bima gani.

Bodaboda wetu wa Rulenge, Ngara, hana kioo cha kulaza. Kavaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni, mdomo kaufumba, nyusi nyekundu kwa vumbi. Nyuma kapakia mama, mtoto na mkungu wa ndizi. Kumbe siku zote yumo kwenye anasa ya mamilioni, na abiria bado anaomba apunguziwe nauli!