Muulize Anti Mchakamchaka

*Shikamoo Anti. Nauza vitambaa Mtaa wa Uhuru, nina miaka arobaini na kitu. Vijana wa dukani wamenilipia kiingilio cha mbio za kilomita 21, na fulana wameshanikabidhi. Jumamosi nilitoka Mnazi Mmoja kwa kasi nzuri tu, ile kufika Barabara ya Bibi Titi moyo ukataka kunitokea mdomoni. Nifanye nini? Au niseme nimefiwa?*
Aliyelipiwa

Marahaba, ingawa nahisi wewe ndiye wa kuamkiwa. Kufiwa hakutakusaidia. Uswahilini ukisema umefiwa, kufika saa nne turubai limeshafungwa, viti vimeshashushwa na daftari la mchango linazunguka. Utazika nani?

Ugonjwa wako ni hiyo “kasi nzuri tu”. Shule ya msingi ulikimbia mchakamchaka asubuhi, miguu mitupu, pengine bila chai, na bado upo. Ulipona kwa sababu mlikuwa mnaimba. Kiongozi akianzisha, lazima muitikie, na anayehema hawezi kuitikia, kwa hiyo kundi zima lilikwenda kwa mwendo wa wimbo. Siku hizi watu wananunua saa za bei ya pikipiki ili ziwaambie jambo hilohilo: mwendo unaojenga pumzi ni ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika. Ukienda hivyo, moyo unazoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, vimishipa vya damu vinaongezeka ndani ya misuli, na misuli inajifunza kuchoma mafuta. Hukuniandikia habari za tumbo lako, lakini muuza vitambaa anayekaa kutwa kwenye stuli hakosi akiba.

Basi kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia hadi nusu saa iishe. Mara tatu kwa wiki. Wiki inayofuata punguza kutembea kidogo. Ukiona wapita njia wanakupita kwa miguu, hapo uko sawasawa. Na usipandishe umbali kwa pupa: pumzi huja ndani ya wiki chache, ila kano na mifupa huchukua miezi. Magoti mengi ya mjini huharibika pale mtu anapoanza kujiona mwanariadha.

Tena usiniletee habari za Filbert Bayi. Najua, Februari 1974 kule Christchurch aliongoza tangu mwanzo na hakuna aliyempata; mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Lakini kazi yake ilikuwa dakika tatu na nusu, halafu alikuwa Bayi. Wewe una saa tatu za jua. Bora umtazame Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025. Zimebaki hatua za kuhesabu, Mjerumani Amanal Petros yuko mbele. Simbu akamkuta kwenye utepe. Wote wakaandikiwa saa 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Aliyetunza pumzi kilomita 42 ndiye aliyekuwa nayo ilipohitajika.

*Anti, naishi ghorofani Mtaa wa Jamhuri. Juzi saa kumi jioni nilivaa raba nikaamua nikimbie kuelekea Kariakoo. Nilipoingia Mtaa wa Congo nikasikia kishindo nyuma yangu. Kugeuka, machinga wote wanakimbia na vifurushi! Nikaongeza mwendo, nao wakaongeza. Nimekosea wapi?*
Mama wa Ghorofa ya Tatu

Mwanangu, Kariakoo mtu hakimbii kwa afya. Ama anafukuza, ama anafukuzwa. Machinga akimwona mtu anatimua mbio hangoji kuuliza. Anajua mgambo wa jiji wameshuka, anakunja turubai lake na kuondoka. Umewatia watu hasara ya mauzo ya jioni. Na shukuru hakuna aliyepiga kelele ya “mwizi!”, maana hiyo haina mchezo.

Toka alfajiri, baada ya sala. Jua linakuwa halijachomoza na magari ni machache. Joto la Dar lina unyevunyevu, jasho linamwagika lakini halikauki, kwa hiyo mwili haupoi. Ukiongeza na jua, kilomita tatu za saa kumi jioni zinachosha kuliko tano za alfajiri. Shika njia ya Ocean Road, pwani pwani mpaka Aga Khan. Ukishazoea, vuka Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022: zaidi ya kilomita moja juu ya bahari, upepo wa bure, na hakuna kona ya kukatisha kurudi nyumbani. Ukichoka katikati ya daraja, pande zote mbili ni mbali.

Kama unaogopa kwenda peke yako, tafuta jogging ya mtaani kwako, zile za Jumapili zenye filimbi na fulana za sare. Kasoro yake ni kwamba huishia kwenye supu na chapati, na supu hurudisha kila kilichomwagika njiani. Mimi binafsi sioni kama ni kasoro.

*Anti, nasukuma mkokoteni Kariakoo kutwa nzima. Mke wangu anataka nianze mazoezi.*
Mkokoteni

Mwachie mkokoteni siku moja. Wewe lala.

*Anti, raba za mtumba zinafaa?*
Gredi A

Zinafaa, ila kagua. Bonyeza soli kwa dole gumba: ikiwa ngumu, sponji imeshakufa, hata kama juu inang’aa. Tazama kisigino; kikiwa kimelika upande mmoja, unanunua mwendo wa mtu mwingine. Nenda soko la Karume jioni, mguu ukiwa umevimba, na uache nafasi mbele ya kidole.

*Anti, nilikuwa wa mwisho kabisa, gari la wagonjwa linanifuata nyuma kama msafara wa bibi harusi. Rafiki zangu wananifariji kwa kuniita Akhwari.*
Wa Mwisho

Wakome. John Stephen Akhwari hakuwa mzembe. Marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968, katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, alianguka akaumia goti, akafika zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde kushinda. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano. Alichechemea kwa sababu ya jeraha. Wewe, kwa barua yako mwenyewe, ulichechemea kwa sababu ulikula wali nazi saa moja kabla ya kuanza.

Barua ina kurasa nne na hakuna mahali ulipoandika muda wako. Niletee huo muda, tuanzie hapo.