Jinsi ya Kumpandisha Sadini Mlimani Bila Kumvunjia Heshima

Sadini unayemkuta kwenye rafu ya duka la Nanyuki amesafiri kuliko wengi wetu. Soma kibandiko: pengine ametoka Moroko, pengine Thailand. Alivuliwa, akafungiwa kwenye mkebe, akapikwa humo, akavuka bahari hadi Mombasa, kisha akapanda lori mpaka miguuni pa Mlima Kenya. Kumfikisha hapo halafu kumwaga mafuta yake majanini ni utovu wa adabu. Basi wewe unayekwenda kilele cha Point Lenana kwa njia ya Sirimon, keti hapa tufundishane namna ya kusafiri na mgeni huyu.

Tuanzie dukani. Weka chini ule mkebe mkubwa wa gramu 425 wenye mchuzi wa nyanya. Mchuzi ule sehemu kubwa ni maji, na wewe unaelekea mlima uliojaa vijito. Hakuna sababu ya kubeba mgongoni maji mekundu kutoka mjini. Chukua mikebe myembamba ya gramu 125, samaki wakiwa ndani ya mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa; ya unga au sukari ina nne. Mtu anayelala kwenye baridi ya mita 4,200 anahitaji hizo tisa. Tuna ya maji ya chumvi mwachie jirani yako anayepunguza mwili, na umtakie heri.

Kagua kila mkebe ungali dukani. Uliovimba usiuguse, hata ukipunguziwa bei. Uliobonyea kwenye mshono urudishe rafuni, kwa kuwa hapo ndipo hewa hupenya. Kisha piga hesabu: mkebe mmoja kwa mtu kwa siku, wa chakula cha mchana. Kuna msafiri anayefika kambi ya Old Moses na mikebe kumi na miwili na soksi jozi moja. Huyo amefungasha kwa woga, na usiku atajifunza kwamba mkebe hauvaliki.

Watakaokuja na hoja ya omena nawaheshimu, maana hoja yao ina uzito na omena wao hawana. Omena mkavu amekwisha kuachia maji yake juani, kwa hiyo ukipima chakula peke yake, anamshinda sadini. Lakini omena anataka kuoshwa, kukaangwa na kuungwa, na juu kule moto ni shida. Kambi ya Shipton's iko mita 4,200, na maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 86 hivi. Yatatokota mbele ya macho yako, yatapiga kelele, yatarusha mvuke, na maharage yatabaki magumu. Utamaliza gesi ukilala njaa. Sadini yeye alipikwa kiwandani ndani ya mkebe uliokwisha kufungwa, kwa mvuke wenye shinikizo na joto linalopita nyuzi 110, hadi mifupa yake ikalainika ukaweza kuitafuna. Ile kazi ambayo sufuria yako haiwezi kuifanya Shipton's, mtu mwingine alikwisha kukufanyia. Hii ndiyo sababu ninayompigania samaki huyu, na sioni aibu kumpigania.

Opena sasa. Mikebe ya bati ilipewa hataza Uingereza mwaka 1810, lakini opena haikuja hadi miaka ya 1850. Katika hiyo miongo yote watu walifungua chakula chao kwa patasi na nyundo. Kila msimu wapo wanaoamua kurudia historia hiyo kambini, wakitumia jiwe na kisu cha mkate, huku wenzao wakitafuta bendeji. Nunua mkebe wenye kipete cha kuvutia. Kama dukani haupo, nunua opena, uifunge kwa kamba kwenye begi, na uijaribu kabla hujaondoka mjini.

Kufungua nako kuna adabu zake. Usifungulie ndani ya hema kamwe: tone moja la mafuta kwenye mfuko wa kulalia litanuka safari nzima, na panya wa mlimani wana pua. Weka mkebe juu ya jiwe bapa, geuza kipete kielekee mbali na koti lako, vuta polepole. Usiuweke kwenye moto ukiwa umefungwa, maana utapasuka. Mafuta yakiwa yameganda kwa baridi, mweke sadini ndani ya koti kwa muda akiwa bado amefungiwa. Joto la mwili wako litamtosha.

Sasa mle. Chapati za Nanyuki, za jana, hazidhuriki kwa kukunjwa. Kata kitunguu chembamba, kamua ndimu, nyunyiza pilipili, mlaze sadini katikati, kunja. Mlimani watu wengi hupoteza hamu ya kula, na vyakula vitamu huwachosha mapema. Chumvi na ndimu huamsha ulimi. Kunywa maji ya kutosha, chumvi ile itayadai. Mafuta yaliyobaki yafute yote kwa kipande cha mwisho cha chapati, kwa sababu ndiyo kalori ulizozilipia na kuzibeba. Mkebe uliofunguliwa uishe papo hapo. Samaki wa jamii hii akikaa kwenye joto hutengeneza histamini, ambayo huwezi kuinusa na moto hauiondoi. Itakutoa vipele na kuuchoma uso wako mahali ambapo daktari ni mwendo wa siku nzima.

Mkebe mtupu. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo wapandaji wengi hutia aibu. Wapo wanaouchoma: bati haliungui, linabaki jeusi lilelile. Wapo wanaoufukia: mnyama anafuata harufu, anaufukua usiku, na ukingo wake mkali unamkata mdomo. Wapo wanaouchomeka chini ya jiwe wakidhani jiwe litatunza siri. Kwenye baridi ile kutu haina haraka. Mkebe wako utawaona watoto wako wakipanda. Mtu aliyeweza kuubeba ukiwa umejaa hana udhuru wa kushindwa kuushusha ukiwa mtupu.

Wengine watasema walikosa pa kuutia. Ni kweli mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga za taifa. Jibu liko jikoni kwako: kopo la Blue Band lililokwisha, lenye kifuniko kinachobana. Ukimaliza kula, kunja mfuniko wa bati uingie ndani ya mkebe, kanyaga kwa kiatu hadi uwe bapa, utie ndani ya kopo, funga. Harufu inabaki humo, ncha kali zinabaki humo, na kunguru wale wa shingo nyeupe wanaozunguka kambi hawapati cha kudonoa. Ukifika Nanyuki, wanunuzi wa vyuma chakavu wapo.

Mwisho, wapagazi. Kama umeajiri watu wa kukubebea, waulize kabla ya kununua wanakula nini njiani, na mikebe yao iwe kwenye hesabu ya kwanza, inunuliwe ile ile ya mafuta unayokula wewe. Usimpe mtu masalia ya siku ya mwisho ukayaita zawadi. Na makopo ya Blue Band yawe mawili, kwa sababu watu wanne wakila siku nne, kopo moja halitoshi.