Ndege ya Kivita na Washauri Wake

Kuunda mfano wa ndege ya kivita ya zamani, ukaruka na kuongozwa kwa mawimbi ya redio, si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Iliyo ngumu ni kuifanya kazi hiyo katika Tarime, mji ambao mlango haufungwi mchana na jirani asiye na rai hajazaliwa. Mafundi wa sanaa hii huko Uingereza aghalabu hujitenga katika vibanda vya uani, wakakosea kwa siri na kurekebisha kwa siri. Mimi, mwalimu mstaafu, niliunda yangu chini ya mparachichi, na kila kijiti nilichogundisha kilikuwa na mashahidi.

Nilichagua Hawker Hurricane, na uchaguzi huo ulikuwa na hoja. Ndege hiyo, iliyosanifiwa na Sydney Camm na kuruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935, ndiyo aliyoirusha Roald Dahl katika vita vya Ugiriki mwaka 1941. Naye Dahl, kabla hajawa mtungaji wa hadithi za watoto zilizoenea ulimwenguni, alikuwa mwajiriwa wa Shell katika Dar es Salaam, akaondoka mwaka 1939 kwenda Nairobi kujiandikisha na kujifunza urubani. Nilijiona, kwa hiyo, naunda ndege ya mtu wa kwetu, au walau ya mtu aliyekunywa maji yetu. Upana wa mabawa yake ulikuwa futi 40, na fungu la kumi la futi 40 halimtaabishi mtu yeyote aliyewahi kufundisha hesabu. Fauka ya hayo, ilikuwa na sifa moja ambayo mfuko wa mstaafu huiheshimu: sehemu ya nyuma ya kiwiliwili chake haikuwa bati, bali kitambaa kilichowambwa juu ya mbao, na zile za mwanzo hata mabawa yao yalikuwa ya kitambaa.

Mbao nilizipata Shirati, katika mti ule mwepesi uotao ukingoni mwa Ziwa, ambao wavuvi huukata kufanya vyelezo vya nyavu. Mota, betri na kipokezi vilitoka Nairobi, vikapita Sirari. Washauri walikuja wenyewe. Seremala wa vitanda, akiisha kuushika ubavu wa ndege na kuupima kwa kidole, alitangaza kuwa mti ule hauna adabu, na kwamba kitu kitakachobeba jina la fundi sharti kiwe cha mninga. Fundi baiskeli aliuliza breki ziko wapi. Mzee mmoja, ambaye baba yake alikwenda Burma pamoja na askari wa K.A.R., akaurithi kutokana na safari hiyo ujuzi wote wa mambo ya vita, alikataa kuitambua kuwa Hurricane maadam haina bunduki. Na kwa kuwa ile ya asili ilikuwa nazo nane, hakuondoka mpaka vipande vinane vya mwanzi vilipopachikwa mabawani. Pua ya Hurricane ni fupi, na mfano wake huwa mzito mkiani. Nilipoeleza kuwa uzito wa ndege sharti utue karibu na robo ya kwanza ya ubawa, nililetewa chubwi za nyavu, msumari wa reli na kufuli bovu, kila mtu akidai kuwa chake ndicho kitakachofaa. Nilichukua chubwi. Mwenye kufuli hajanisalimu tangu siku hiyo.

Kitambaa kilikuwa hiba ya mke wangu: kipande kimoja cha doti ya kanga iliyochakaa. Nilikusudia kuwamba upande wenye maandishi ukiwa ndani, lakini fundi cherehani, mtu mwenye msimamo katika mambo ya mavazi, aliapa kuwa hajapata kuifanyia kanga dharau ya namna hiyo wala hataifanya. Basi maandishi yakakaa chini ya mabawa, yakielekea ardhi. Niliyafunika kwa rangi ya maji, ya buluu ya mbingu, na zile alama za mviringo za jeshi la anga la Uingereza nikazichora kwa rangi ya mafuta. Jua la Tarime lilipoipiga buluu ile wiki moja, yakaanza kujitokeza polepole maneno ya hekima: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sheria ya nchi, na ni sheria njema, inamtaka mwenye kurusha chombo kisicho na rubani apate kwanza idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hakirushwi ila kwa ruhusa mahsusi. Nilikwenda kutaka mwongozo katika ofisi moja, nisiyokusudia kuitaja, nikiwa na barua ya adabu zote, ambayo mstari wake wa kwanza ulisema kuwa mwombaji, mkazi wa wilaya iliyo mpakani, anayo nyumbani ndege ya kivita aliyoiunda mwenyewe. Karani aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena, kisha akaniomba nisiondoke. Niliulizwa ina bunduki ngapi. Nikajibu kwa uaminifu kuwa ina nane. Jioni, baada ya mashauri marefu, maneno “ya kivita” yalifutwa, yakaandikwa “ya kuchezea”, na papo hapo likazuka suala la umri wa mtoto.

Idhini ilipopatikana niliipeleka ndege wilaya ya Serengeti, kwa kuwa Tarime ni vilima na migomba, ilhali kando ya Mugumu kuna malisho mapana. Tulipita Nyamongo, tukavuka Mto Mara, na konda akatoza nauli ya mabawa kwa hoja kwamba yamekalia kiti, na nauli ya mkia kwa hoja kwamba umemchoma abiria.

Watu wa huko si wageni wa ndege ndogo. Mzee wa kwanza kuiona aliuliza mbona haina milia. Maana ndege ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani waliowahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, ilipakwa milia ya punda milia. Ndiyo iliyogongana na tumbusi tarehe 10 Januari 1959, Michael akafariki, na jambo hilo silifanyii mzaha. Nilitazama juu, nikawaona mwewe, nikangoja waende zao.

Ardhi ilijaa vichuguu, kwa hiyo ndege ilikuwa haina budi kurushwa kwa mkono. Katika nchi iliyo kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika saba, na mabawa hudai mwendo zaidi ndipo yabebe. Nikamweleza hayo kijana mchunga ng’ombe, nikimsihi asukume kwa nguvu ya wastani. “Nimekuelewa, Mwalimu,” alisema, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaitupa kama mkuki.

Iliruka! Nasema iliruka, na mashahidi wapo. Ilipanda, ikageuka juu ya migunga, mota ikivuma, umati ukapiga vigelegele. Kisha ikaanza kurudi kutuelekea, na hapa ndipo elimu ya urushaji ina fumbo lake: ndege ikikujia usoni, kulia kwake ni kushoto kwako. Fumbo hilo mtu huweza kulitatua akiachwa peke yake. “Kulia, mura!” “Kushoto, Mwalimu, kushoto!” “Iache yenyewe, inajua kwao!” Ilizunguka, ikasita, ikainamisha pua, na wanafunzi waliokuwa mbele, waliofundishwa kusoma vizuri, wakayasoma kwa sauti moja maneno yaliyokuwa chini ya mabawa, mpaka “ainame”, ikatua katikati ya ng’ombe.

Hakuumia hata mmoja, ila walikimbia wote, wakapita katika mahindi ya mzee mmoja. Wazee wakaketi baraza palepale, ritongo dogo la dharura. Ng’ombe hawakuonekana na hatia, kwa kuwa ng’ombe akiangukiwa na kitu hukimbia. Wala ndege, kwa kuwa ilitangaza kusudi lake kwa maandishi. Nilibaki mimi. Lakini mwenye mahindi alikataa mbuzi wa fidia. Alikwisha kusikia kuwa tembo watokao hifadhini hukimbia mvumo wa ndege hizi, wakidhani ni nyuki, na ni kweli kuwa askari wa wanyamapori wamezitumia kuwafukuzia mashambani. Akataka mota, betri na panga lake, avifunge juu ya nguzo, kwani mvumo ndio alioutaka, na kuruka, alisema, hakuna haja.

Mkewe akachukua kitambaa. Niliporudi kuwajulia hali nilimkuta ameifua kanga ile, buluu imetoka yote na zile alama za Uingereza zimebaki, amejifunga kwa madaha, moja huku na moja huku. Alinikaribisha uji, akaulizia nyumbani, kisha akanituma nimwulize mke wangu kama kile kipande cha pili cha doti kingalipo.