Wembe wa Dave Davies na Warithi Wake
Katika historia ya muziki wa roki, mkwaruzo, yaani sauti ya gitaa la umeme inayochafuka pale amplifaya inapolazimishwa kupita uwezo wake hadi vilele vya mawimbi vikakatika, ulianza kama ubovu wa vyombo, na mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la The Kinks la Uingereza aliutafuta kwa kuichana kwa wembe karatasi ya spika yake. Mrithi wake wa leo, anayerekodi chumbani kwa kompyuta, amejaliwa programu za kuigiza amplifaya za kila aina, naye huzungusha kila kitufe cha mkwaruzo hadi mwisho, kisha akashangaa kusikia nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Yaelekea hakuna aliyemdokeza kwamba spika ya gitaa, kwa umbile lake, hupitisha kidogo sana sauti zilizo juu ya hezi 5,000 hivi, na kwamba anayeiruka, asiweke hata mwigo wa kabati la spika, hupokea ukali wote ambao spika ingeumeza kwa hisani. Dawa ni rahisi kiasi cha kufedhehesha: kupunguza mkwaruzo, kuweka kichujio cha kukata masafa ya juu, na kupiga kipande kilekile mara mbili, kimoja kisikike kushoto na kingine kulia. Kwa bahati mbaya, hatua hiyo ya mwisho humtaka mrekodi ajue kupiga gitaa, ujuzi usiopata kuuzwa kwa punguzo la bei, ilhali programu nyingine ya amplifaya inapatikana usiku huuhuu kwa nusu ya bei.